Blackwell kabla ya chipu

Mchumi mmoja aliingia kwa mwanahisabati David Blackwell na swali la kazi. Ilikuwa karibu mwaka 1950, katika shirika la utafiti la RAND kule Santa Monica, California. Jeshi la Anga la Marekani lilitaka ushauri wa namna ya kugawa bajeti yake ya utafiti kwa miaka mitano. Kama vita kubwa iko karibu, fedha ziende kwenye silaha zinazoweza kukamilika haraka. Kama haiko karibu, ziende kwenye utafiti wa msingi, ambao matunda yake huchelewa. Basi mchumi akauliza: uwezekano wa vita kubwa kuzuka ndani ya miaka hiyo mitano ni kiasi gani?

Blackwell alimjibu kama alivyofundishwa. Swali hilo halina maana. Uwezekano ni habari ya mambo yanayojirudia tena na tena, hata ukaweza kuhesabu yametokea mara ngapi. Vita hii unayoiuliza ni tukio moja tu. Uwezekano wake ama ni 0 ama ni 1, na utajua ni upi miaka mitano ikishapita.

Mchumi akaitikia kwa kichwa. Akasema alihofia angejibiwa hivyo, kwa sababu wanatakwimu wengine aliowauliza walimjibu vilevile.

Akaenda zake.

Kwa elimu ya takwimu iliyotawala wakati ule, jibu lile lilikuwa sahihi kabisa. Angelitoa mwanafunzi kwenye mtihani, angepata alama zote. Lakini Blackwell alikuja kusimulia baadaye kwamba mazungumzo yale yalimsumbua. Mtu alikuwa na uamuzi wa kweli mezani, akaenda kwa wajuzi wa uwezekano, nao wakamwambia asubiri uamuzi upitwe na wakati.

Kisa hicho kimenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Nilikikuta nikitafuta jambo jingine kabisa.

## Jina lililo kwenye mashine

Nilikuwa nataka kujua Blackwell ni nani, basi.

Machi 2024 kampuni ya Nvidia ilitangaza kizazi kipya cha chipu za akili mnemba na kukipa jina hilo. Chipu moja ya kizazi hicho ina transista bilioni 208. Tangu hapo jina limeenea kila mahali: kwenye habari za masoko ya hisa, kwenye mabishano ya nchi ipi iuziwe na ipi inyimwe. Kampuni hiyo ina desturi ya kutumia majina ya wanasayansi. Kizazi kilichotangulia kilikuwa Hopper, jina la Grace Hopper, na nyuma yake wapo kina Turing na Pascal. Hao wengi wetu tuliwahi kuwasikia hata kwa juu juu. Blackwell, kwangu, alikuwa jina la bidhaa.

Ukimtafuta, kitu cha kwanza unachopewa ni orodha ya "wa kwanza". Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, mwaka 1965. Mweusi wa kwanza kupata ajira ya kudumu ya uprofesa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Orodha hiyo ni ya kweli na ni ya heshima, ila baada ya muda inanichosha. Inanieleza habari za malango yaliyokuwa yamefungwa, na kidogo sana kuhusu alichokuwa akifikiri mtu aliyepita.

Na huyu alifikiri kwa namna ya pekee.

## Mstari wa ziada

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1919 katika mji mdogo wa Centralia, jimbo la Illinois. Baba yake alifanya kazi katika reli ya Illinois Central. David alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Tungetegemea hapa hadithi ya mtoto aliyekuwa akizidisha namba kubwa akiwa bado ananyonya kidole, lakini haipo. Aljebra na trigonometria za sekondari hazikumgusa sana. Kilichomkamata ni jometri, na ndani ya jometri hasa ule mstari wa msaada.

Aliyesoma hesabu za shule anaujua. Unaambiwa uthibitishe kwamba pembe tatu za pembetatu zinajumlika kuwa digrii 180. Unaikodolea macho ile pembetatu na haikwambii kitu. Kisha mwalimu anachora mstari mmoja unaopita kwenye ncha ya juu, sambamba na kitako. Hajaongeza taarifa yoyote. Amechora mstari tu, na ghafla pembe mbili za chini zimehamia juu, zimekaa pembeni ya ile ya tatu, na jibu unaliona kwa macho.

Uzeeni bado alikuwa akiuzungumzia mstari huo kama kitu kizuri mno.

Naamini ukiushika mstari huo umeshika sehemu kubwa ya kazi yake yote. Karibu kila nadharia inayobeba jina lake ina tabia hiyo. Uthibitisho ni mfupi, na anayeusoma hubaki akijiuliza kwa nini yeye hakuliona.

Alipofika miaka 16, mwaka 1935, aliingia Chuo Kikuu cha Illinois akiwa na nia ya kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipogundua kwamba baba yake anakopa ili kumlipia, alimwambia asitume tena fedha, akajitegemea mwenyewe: aliosha vyombo, alihudumia mezani, alisafisha vifaa katika maabara ya wadudu. Shahada ya kwanza 1938, ya pili 1939, uzamivu 1941. Alikuwa na miaka 22. Msimamizi wake alikuwa Joseph Doob, mmoja wa magwiji wa nadharia ya uwezekano, na tasnifu ilihusu minyororo ya Markov, yaani mfululizo wa matukio ambamo linalofuata hutegemea tu lililopo sasa.

Kuna jambo la mwaka wake wa mwisho pale. Alipokuwa akingoja kujua kama atapata msaada wa fedha, mwenzake alimweleza kwamba kwa uwezo wake lazima apewe kitu, ama ufadhili ama kazi ya kufundisha wanafunzi wa chini, na kwamba hakuna atakayethubutu kumsimamisha mtu mweusi mbele ya darasa. Kwa hiyo atapewa ufadhili. Na ndivyo ilivyokuwa. Ubaguzi ulimwondolea mzigo wa vipindi. Nitalirudia hili, maana ndilo lililonifanya nisite kuandika.

## Barua zaidi ya mia

Mwaka wa 1941 alikwenda Princeton, kwenye Taasisi ya Taaluma za Juu, kwa ufadhili wa mfuko wa Rosenwald. John von Neumann, gwiji wa hesabu, alimwomba aje amweleze tasnifu yake. Blackwell alidhani ni adabu tu ya mkubwa kwa mdogo, hakwenda. Baadaye von Neumann akamkumbusha. Akaenda, akaanza kueleza, na baada ya dakika kama kumi von Neumann alikuwa yeye ndiye anayeeleza, akionyesha njia rahisi zaidi za kufika palepale.

Pembeni ya hayo, kulikuwa na vita asivyoviona. Desturi ilikuwa wageni wa taasisi ile wapewe hadhi ya heshima katika Chuo Kikuu cha Princeton, ambacho ni chombo tofauti. Uongozi wa chuo ulipinga mtu mweusi kupewa hadhi hiyo. Wakubwa walivutana juu ya kichwa chake, naye alikuja kupata habari kamili baadaye sana.

Mwaka wa 1942 Jerzy Neyman, aliyekuwa akijenga takwimu pale Berkeley, alitaka kumwajiri. Ajira haikupita. Mke wa mkuu wa idara ya hesabu alikuwa na kawaida ya kuwakaribisha walimu wa idara nyumbani kwake, na alisema hataki mtu mweusi nyumbani kwake.

Hivyo tu.

Blackwell hakuwa ameitegemea Berkeley. Kwa hesabu zake, mtu kama yeye akifundisha chuoni atafundisha vyuo vya weusi, na hapo ndipo alipoelekeza barua zake za maombi. Aliandika zaidi ya 100. Zilizorudi na kazi zilikuwa tatu. Alikwenda Southern University kule Louisiana, kisha Clark College ya Atlanta, na mwaka 1944 akafika Howard, Washington. Kwa msomi mweusi wa zama zile Howard ilikuwa kilele, na mwenyewe alisema hivyo. Mwaka huohuo alimwoa Ann Madison, wakaja kupata watoto wanane. Miaka mitatu baadaye alikuwa mkuu wa idara ya hesabu.

## Mfano kinzani uliokosea

Mpaka hapo hakuwa mwanatakwimu. Alikuwa mtu wa uwezekano, jirani wa takwimu lakini si mwenyeji. Kilichombadilisha ni mhadhara mmoja wa jioni.

Mwaka 1945 chama cha wanatakwimu pale Washington kilimwalika Meyer Abraham Girshick, aliyekuwa akifanya kazi Wizara ya Kilimo, azungumzie jambo jipya lililotokana na kazi za mwanatakwimu Abraham Wald wakati wa vita: namna ya kupima bidhaa moja baada ya nyingine na kusimama pale tu ushahidi unapotosha, badala ya kuamua idadi mapema. Girshick alitaja nadharia moja ubaoni. Blackwell, akiwa amekaa kwenye viti vya wasikilizaji, hakuiamini. Alirudi nyumbani, akatengeneza mfano kinzani, yaani mfano wa kuonyesha kwamba nadharia si ya kweli, akautia kwenye bahasha na kumtumia.

Mfano wenyewe ulikuwa na kosa. Nadharia ilikuwa sahihi.

Girshick angeweza kuandika sentensi mbili za masahihisho, na hapo pangekuwa mwisho wake. Badala yake alipiga simu akamwalika chakula cha mchana. Urafiki ulioanza siku ile ulidumu hadi Girshick alipofariki 1955. Ulizaa makala, ulizaa kitabu chao cha nadharia ya michezo (hesabu za ushindani ambamo kila mmoja huamua akimzingatia mwenzake) na maamuzi ya kitakwimu kilichotoka 1954, na ulimhamisha Blackwell kutoka fani moja hadi nyingine akiwa na miaka 26. Mwaka 1946 alichapisha uthibitisho wake wa ile fomula ya Wald aliyokuwa ameitilia shaka. Hakuishia kuikubali. Aliifanya ieleweke.

Hapa nataka nitulie kidogo, kwa sababu mwaka uliofuata, 1947, alitoa matokeo ambayo kila mwanafunzi wa takwimu duniani hukutana nayo. C. R. Rao wa India alikuwa ameyafikia mwaka 1945 kwa njia yake, ndiyo maana yanaitwa nadharia ya Rao na Blackwell. Nitajaribu kuieleza bila alama.

Una sarafu usiyoiamini. Unataka kukadiria inaangukia upande wa kichwa mara ngapi kwa wastani. Unairusha mara 10. Tuseme mtu mvivu anakupa kikadirio hiki: tazama mrusho wa kwanza tu, kikiwa kichwa sema 1, kisipokuwa sema 0. Kinachekesha, lakini hakina upendeleo. Ukikitumia mara nyingi sana, wastani wake utakuwa sahihi. Tatizo ni kwamba kinayumba vibaya, kila mara ni 0 au 1.

Sasa chora mstari wa ziada. Uliza: kama najua tu kwamba vichwa vilikuwa 7 kati ya 10, bila kujua vilikuja kwa mpangilio gani, mrusho wa kwanza ulikuwa na uwezekano gani wa kuwa kichwa? Saba kwa kumi. Kile kikadirio cha kipuuzi, ukikisawazisha juu ya mipangilio yote yenye jumla hiyohiyo, kimegeuka chenyewe kuwa 7/10, kikadirio ambacho kila mwenye akili angekitumia. Rao na Blackwell walionyesha kwamba hili ni la jumla. Chukua kikadirio chochote kisicho na upendeleo, hata kibovu, kisawazishe juu ya kile kinachobeba taarifa yote ya lazima, na utapata kingine ambacho hakiwezi kuyumba kuliko kile cha mwanzo.

Unaanza na upuuzi na hesabu inakunyoosha. Nilipoielewa nilicheka peke yangu.

## Shaka yangu

Sasa lile jambo nililosema nitalirudia.

Ni rahisi sana kuyapanga maisha haya yaonekane kama yaliongozwa. Asingenyimwa Berkeley 1942, asingekuwa Washington 1945, asingemsikia Girshick, asingetuma bahasha ile. Ufadhili wa Illinois aliupata kwa sababu wazungu hawakutaka awafundishe watoto wao. Ukiziunga nukta hizo unapata hadithi tamu ambamo kila mlango uliofungwa ulikuwa unamwelekeza mahali pazuri zaidi. Nimezisoma hadithi za namna hiyo, na kwa siku kadhaa nilikuwa naandika moja.

Nimeifuta.

Sababu moja ni ya kitakwimu, na naamini mwenyewe angeikubali. Hadithi hiyo inahesabu waliofika tu. Barua zaidi ya 100 za mtu mwenye uzamivu, mwanafunzi wa Doob, aliyetoka kukaa meza moja na von Neumann, zilirudisha kazi tatu. Huyo ndiye aliyekuwa bora. Aliyekuwa mzuri wa kawaida, yule ambaye angekuwa mzungu angepata kazi katika chuo cha kawaida na kuishi maisha ya kawaida ya mwalimu wa hesabu, aliandika barua ngapi, na zilirudisha nini? Hatuna wasifu wake wa kusoma. Kumsifu Blackwell kwa kupenya kunaweza kuwa njia ya adabu ya kutomuuliza habari huyo mwingine.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi kwangu. Blackwell mwenyewe hakuwa na uchungu, au hakuuonyesha. Alipoulizwa juu ya ubaguzi, na aliulizwa mara nyingi, alijibu kwa upole, wakati mwingine kwa kicheko, kwamba haukumuumiza sana. Alisema wazazi wake walimkinga. Howard aliipenda. Nimejikuta nikimtaka akasirike. Nimejikuta nikisoma majibu yake nikitafuta ufa.

Sijaupata, na nadhani sina haki ya kuutafuta. Mtu ana ruhusa ya kuyatazama maisha yake na kuyaona mazuri. Ila ruhusa hiyo ni yake. Sisi tunaosoma hatuwezi kuichukua na kuitumia kuwasamehe waliomfungia.

Wakati huo huo kazi haikungoja. Makala zake za mwaka 1951 na 1953 kuhusu kulinganisha majaribio, yaani ni lini jaribio moja linatoa taarifa zaidi ya jingine kwa mtu yeyote mwenye uamuzi wowote wa kufanya, ziliandikwa wakati yupo Howard, akiwa mkuu wa idara na mwenye vipindi vingi vya kufundisha. Wachumi wanazinukuu hadi leo.

Berkeley ilimchukua hatimaye 1954, kwanza kama mgeni, mwaka uliofuata kama profesa kamili katika idara mpya ya takwimu. Kuanzia 1957 hadi 1961 aliiongoza idara hiyo. Leo pale chuoni kuna bweni lenye jina lake, lililofunguliwa 2018.

## Kumwacha mchumi aendelee kuuliza

Nimerudi kwenye swali la vita mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya maisha yake. Huenda ni kwa sababu hapo ndipo mtaalamu alipotazama utaalamu wake mwenyewe na kuuona umepungukiwa.

Kulikuwa na njia nyingine ya kufikiri. Uwezekano unaweza kuchukuliwa kama kipimo cha jinsi unavyoamini jambo, kwa kuzingatia unachokijua sasa, kipimo unachokirekebisha kwa kanuni kila ushahidi mpya unapokuja. Kwa mtazamo huo swali la mchumi lina maana kabisa. Unaweza kusema 1 kwa 5, ukatetea kwa nini, na kesho ukabadilisha. Huo ndio mtazamo wa Bayes, na katika miaka ile ulikuwa na watetezi wachache. Mmoja alikuwa Leonard Jimmie Savage. Mazungumzo na Savage ndiyo yaliyomgeuza Blackwell.

Kinachonivutia ni mahali alipogeukia. Neyman, mtu aliyemtaka tangu 1942 na aliyemleta Berkeley, alikuwa nguzo ya shule ya upande wa pili, ile inayosema uwezekano ni habari ya mambo yanayojirudia. Vipimo vya nadharia tete na vipindi vya kujiamini tunavyofundishwa vyuoni vimetoka kwenye mikono yake. Blackwell aliongoza idara iliyojengwa na Neyman huku akiamini jambo tofauti kuhusu msingi wenyewe wa fani. Na walibaki wakiheshimiana. Mwaka 1969 Blackwell alitoa kitabu chembamba cha takwimu za mwanzo, kilichowaanzishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza mtazamo wa Bayes wakati vitabu vya namna hiyo vilikuwa adimu mno.

Angeweza kuuficha ugeuzi wake kwenye makala za wataalamu. Aliupeleka kwa wanaoanza.

## Kuelewa

Aliwahi kusema kwamba kwa kweli hakuwahi kupendezwa na utafiti. Alichotaka ni kuelewa, na kwake hayo yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa. Mara nyingi, aliongeza, ili uelewe jambo inakubidi ulitatue mwenyewe kwa sababu hakuna aliyelitatua kabla yako.

Profesa wa leo akiandika hivyo kwenye fomu ya kuombea kupandishwa cheo, sijui kamati itamfanyaje. Na si kwamba Blackwell hakuzalisha. Wanafunzi wake wa uzamivu ni zaidi ya 60. Kazi yake ya mwaka 1956 kuhusu michezo ambayo malipo yake si namba moja bali ni kadhaa kwa pamoja, na ile ya 1965 kuhusu maamuzi yanayofuatana huku thamani ya kesho ikipunguzwa, zimo ndani ya mbinu ambazo mashine hutumia kujifunza kwa kujaribu na kukosea. Kwa hiyo jina kwenye chipu halikutoka hewani. Lakini alizunguka sana, kutoka michezo hadi takwimu hadi nadharia ya taarifa, akikaa mahali mpaka aelewe na kuhama. Alistaafu 1988, akafariki tarehe 8 Julai 2010. Medali ya Taifa ya Sayansi ilitolewa 2014, yeye akiwa hayupo. Ni uchelewaji ambao sioni kisingizio chake, kwani nadharia zake zilikuwa na zaidi ya nusu karne vitabuni.

## Bastola mbili

Nimalizie na kitu ambacho kimenipotezea usingizi hivi karibuni, na ambacho kilimshughulisha yeye na wenzake kule RAND.

Watu wawili wanatembea kukaribiana. Kila mmoja ana bastola yenye risasi moja. Kadiri wanavyokaribiana ndivyo shabaha inavyokuwa bora. Tuseme ukiwa umemaliza nusu ya njia una nafasi nusu ya kupiga, na mwishoni kabisa huwezi kukosa. Ufyatue lini?

Kama bastola zina mlio, si vigumu. Ukikosa, mwenzio amesikia, naye atatembea taratibu mpaka mbele yako. Ukingoja na yeye akafyatua akakosa, wewe ndiye utakayetembea taratibu. Mambo hayo mawili yanasawazika katikati: kwa watu wenye shabaha sawa, fyatua kwenye nusu ya njia.

Zikiwa kimya, kila kitu kinavurugika. Hujui kama mwenzio ameshafyatua. Huenda unatembea kumwelekea mtu asiye na kitu mkononi, huenda sivyo. Ukichagua mahali maalumu pa kufyatulia, naye akapajua, atafyatua kidogo kabla. Kwa hiyo lazima ubahatishe, lakini kwa mpango. Jibu linalojulikana linasema usifyatue kamwe kabla ya theluthi ya kwanza ya njia, kisha uchague mahali kwa bahati nasibu kati ya hapo na mwisho, uzito mkubwa ukiwa mwanzoni. Nilikaa na kalamu nikahesabu: ukifuata mpango huo, uwezekano wa kuwa umeshafyatua kabla ya kufika nusu ni 5 kwa 8.

Kwa nini theluthi? Hesabu inatoka na naweza kuionyesha, ila bado sijaona ule mstari wa ziada ambao ungenifanya niseme aah. Na hiyo ni kwa watu wenye shabaha inayolingana. Mmoja akiwa mpigaji mzuri kuliko mwenzake, fomula zinachafuka haraka, na ndiko niliko wiki hii.